Je, Ni Pombe Iliyosema, au Ni Mimi?



Siku chache zilizopita, baada ya ibada, kijana mmoja wa mtaani kwetu aliletwa mbele ya wazee wa kanisa. Alikuwa amempiga mkewe mbele ya watoto. Hakukana. Aliinamisha kichwa, akasema, "Wazee wangu, nisameheni. Sikuwa mimi, ilikuwa ni pombe." Wazee walimwonya, wakamwombea, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa pale pale kwenye benchi, kwa maana maneno yale nilikuwa nayajua. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa sauti ile ile ya unyonge, na jibu nililopewa sijalisahau mpaka leo.

Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti letu. Sikuja kuhubiri, maana mimi si kasisi. Ni mwalimu mstaafu. Nimekuja na swali moja tu: mtu akilewa akatenda uovu, ni nani aliyeutenda? Chuoni tulifundishwa kwamba somo zuri huanza na linalojulikana ndipo liende kwa lisilojulikana. Basi nianze na ninalolijua.

Pombe ya mama yangu

Mama yangu alikuwa mpika pombe. Aliloweka mtama usiku kucha, akautandaza na kuufunika mpaka uchipue, akauanika, akausaga. Huo ndio kimea. Kisha alipika uji, akauacha upoe, akauchanganya na kimea, na baada ya siku mbili tatu mtungi ulianza kunong'ona wenyewe. Msimu wa asali, kama ilivyo desturi katika nchi hii ya misitu na mizinga, alitengeneza wanzuki. Kwa fedha ya mtungi ule nilinunuliwa kaptula ya khaki ya kuendea shule. Mwaka 1978, nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu, ni mtungi ule ule ulioninunulia sanduku la bati na nauli ya treni.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kila anayegusa pombe ni wa Shetani, mimi humwuliza: na kalamu hii niliyoshika je? Wengi wetu tunaojua kusoma katika Unyanyembe tulisomeshwa na wanawake waliokesha motoni wakikoroga. Tusiwatukane.

Tena pombe haikuja hapa jana. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857, wakati mji ukiitwa Kaze, aliandika habari za iwanza, nyumba ya baraza ya kijiji cha Wanyamwezi ambamo wanaume walikutana kuzungumza, kuvuta tumbaku na kunywa. Nilipokuwa mtoto, mtu mwenye shamba kubwa aliwaita jirani zake kulima, na jioni mtungi uliwangoja. Walikunywa, wakaimba, wakaenda kulala. Walevi walikuwapo, lakini mlevi alionekana kuwa mtu aliyeshindwa jambo ambalo wenzake waliliweza.

Usiku mmoja wa mwaka 1987

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja ya msingi. Jina lake halina haja. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mshahara umetoka, nasi walimu watatu tukaenda kwenye kilabu cha mama mmoja. Mama huyo alikuwa mzazi katika darasa langu. Binti yake, ambaye sitamtaja, alikuwa wa kwanza kunyosha mkono katika somo la hisabati. Jioni ile alikuwa akimsaidia mama yake, akipita na kata kuwajazia wateja.

Nilikuwa nimekunywa makopo manne. Binti alipofika kwetu, mwenzangu mmoja akamsifu, akasema, "Huyu ndiye mwanahisabati wako." Nami nikajibu kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba anajisumbua bure, kwamba mtoto wa kilabuni hana pa kwenda, na kwamba urithi wake ni kata ile aliyoishika. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Binti akaiweka kata juu ya mtungi, taratibu, akaingia ndani.

Jumatatu aliketi nyuma kabisa ya darasa. Mkono wake sikuuona tena mwaka ule. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulipokuja, hakuchaguliwa. Siwezi kusema kwamba ni kwa sababu yangu, maana miaka ile nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na watoto wengi wenye akili walibaki nyumbani. Lakini pia siwezi kusema kwamba si kwa sababu yangu.

Jumanne ya juma lile nilikwenda kwa mama yake kuomba radhi. Nilimkuta akichuja, machicha yamemjaa mikononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Karibu."

"Mama, nimekuja kuomba radhi kwa yale ya juzi. Unajua sikuwa mimi. Ilikuwa ni pombe."

Hakuinuka. Hakukasirika. Akasema, "Mwalimu, pombe ile niliipika mimi kwa mikono yangu. Nilitia mtama, kimea na maji. Maneno yale sikuyatia. Ulikuja nayo mwenyewe."

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi kidogo katika maisha yangu, lakini sijakuta hoja iliyonyoshwa kuliko hiyo. Nami nilijua maneno yale yalitoka wapi. Miaka yote ya chuoni niliwaficha wenzangu kwamba mama yangu hupika pombe. Nilisema ni mkulima, nikaishia hapo. Nilimwonea haya mama aliyeninunulia sanduku. Haya ile ilikaa ndani yangu miaka tisa, na usiku ule nilimtwika mtoto wa mwanamke mwingine.

Pombe hufanya nini mwilini

Lakini tusiharakishe. Mtu anaweza kusema, "Mwalimu, unataka kuniambia pombe haina kazi? Mbona usingeyasema ukiwa huna kitu kichwani?" Ni swali la haki, nalo linadai tutazame kwanza kazi ya kinywaji chenyewe.

Kilevi kilichomo katika pombe zote, iwe ya mtama, mbege, ulanzi, bia ya chupa au gongo, ni kimoja, nacho ni alkoholi. Hupita tumboni na katika utumbo mwembamba, huingia katika damu, na baada ya dakika chache hufika kwenye ubongo. Huko hupunguza kazi za ubongo, ikianza na zile za juu, za kupima, kutazama mbele na kujizuia. Ndiyo maana mtu mwenye makopo mawili huona amechangamka. Kumbe kilichotokea ni kwamba breki imelegea. Ikizidi, ulimi huwa mzito na miguu hukosa mizani. Ikizidi tena, kumbukumbu hukatika. Na ikizidi sana, hata pumzi husimama na mtu hufa.

Kinachoitoa ni ini, nalo halina haraka. Tufanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi, yaani gramu 20 hivi. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja basi huhitaji saa mbili hadi tatu. Chupa sita ni gramu 120, na hizo ni kazi ya saa 12 hadi 17. Aliyeanza saa moja ya jioni Jumamosi, kengele ya ibada ya saa moja asubuhi itamkuta ini lake bado linafanya kazi. Kahawa, ndimu na maji baridi haviliharakishi. Tena tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Hayo ni kweli kwa Mnyamwezi, kwa Mwingereza na kwa Mjapani. Lakini mtaona kwamba mpaka hapa hatujakuta tusi, wala ngumi. Tumekuta breki iliyolegea tu. Na gari lililolegea breki huenda upande ambako barabara inateremka.

Mlevi anamwona mgambo

Watazameni walevi wetu. Kijana yule aliyempiga mkewe, njiani akirudi nyumbani alipita mbele ya wanaume wenye nguvu kuliko yeye. Hakumpiga hata mmoja. Mwingine huimba matusi tangu kilabuni, lakini akifika karibu na nyumba ya mtendaji wa kijiji, au akiona mgambo, sauti hushuka na shati huchomekwa. Mwingine huwatukana wote, lakini mbele ya mkwewe hujikaza, akaamkia kwa adabu, akapita. Kama kweli pombe ndiyo inayotenda, imejuaje nani wa kupigwa na nani wa kuogopwa?

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Craig MacAndrew na Robert Edgerton, walitoa kitabu juu ya jambo hili. Walikusanya habari za mataifa mengi duniani, wakaona kwamba kuyumba na kutamka vibaya ni kwa walevi wote, lakini ugomvi na uchafu si kwa wote. Kuna watu hunywa mpaka walale bila ugomvi. Kuna wengine waligombana katika kizazi kimoja na wakatulia katika kingine, ingawa pombe yao ni ile ile. Na hata penye ugomvi mkubwa kuna mipaka ambayo mlevi haivuki. Wakasema kwamba mtu hujifunza kwa jamii yake jinsi ya kulewa, na kwamba jamii nyingi humpa mlevi kama likizo, muda ambao makosa yake hayatahesabiwa sana.

Na mwaka 1975 huko huko Marekani wachunguzi waliwapa vijana kinywaji kisicho na kilevi, wakawaambia kina pombe kali. Vijana walioamini hivyo wakawa wakali kwa wenzao kuliko wale walioambiwa hawakunywa kitu. Hapakuwa na tone. Palikuwa na ruhusa tu.

Hapo nadhani tumeshika mkia wa nyoka. Mwanafunzi akijua kwamba mwalimu wa zamu hataandika majina, hufanya lile alilokuwa akilitaka. Nasi tunaosema "mwacheni, amelewa" ndio tunaoficha daftari la majina.

Basi je, pombe humfunua mtu?

Wengine watatoka upande wa pili. Watasema mlevi hasemi uongo. Kile atakachokisema amelewa ndicho kilichomo moyoni, na mwenye kiasi ni mnafiki aliyevaa kanzu. Kwa hiyo mwalimu yule wa kilabuni ndiye mwalimu wa kweli, na yule wa darasani ni mchezo wa kuigiza.

Hoja hii ilinitesa miaka mingi kuliko ile ya kwanza. Jibu nililipata hapa hapa Kwihara. Mnalijua tembe lile la makumbusho, nyumba ya kuta nene za udongo ambako Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwaka 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki kungoja wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti. Tembe la namna ile lilijengwa kwa ajili ya vita na wezi, na usalama wake ulikuwa mlangoni. Sasa mwenye nyumba akimwambia mlinzi, "Nenda kalale," halafu usiku wezi wakaingia, hawezi kusema kwamba ukuta ndio uliomwibia. Lakini pia hawezi mtu kumwambia kwamba nyumba yake ya kweli ni ile isiyo na mlinzi. Mlinzi naye ni wa nyumba ile.

Ndivyo ilivyo kwa moyo. Ile dharau ilikuwa yangu, sikani. Lakini na ile nguvu iliyokuwa ikiifunga dharau kila siku, ikanifanya nimfundishe binti yule kwa saburi, nayo ilikuwa yangu, tena ilijengwa kwa taabu, na wazazi, na walimu, na neema ya Mungu. Mtu hatambulikani kwa mawazo yanayobisha hodi mlangoni. Hutambulikana kwa yale anayoyafungulia. Kosa langu la usiku ule lilianza nilipomwambia mlinzi akalale, nikijua ndani mna nini.

Tembe lile lina historia nyingine inayohusu pombe. Livingstone alipokufa kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake kwa jua na chumvi, wakamtia brandi kinywani ili usioze, wakaubeba mpaka hapa Kwihara, kisha Bagamoyo. Mimi huwatania vijana kwamba huo ndio ushahidi wa wazi tulio nao hapa kijijini wa faida ya pombe kali: humfaa maiti.

Udhuru uliotokana na tusi

Kuna jambo jingine wazee wenzangu watalikumbuka kwa kusimuliwa na baba zao. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana huko Brussels kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na baadaye Waingereza walipoitawala Tanganyika walimkataza Mwafrika kunywa pombe kali. Wao wenyewe walikunywa wiski katika klabu zao. Pamoja na mengine, walisema Mwafrika hawezi kujizuia. Akinywa, akili yake hutoweka, kama mtoto. Ndiyo maana, marufuku zile zilipolegezwa katika miaka ya 1950, chupa ya bia mezani ilikuwa kama cheti cha kuthibitisha kwamba mtu ni mtu.

Sasa tazameni ajabu. Tulilikataa tusi lile, na tulifanya vema. Lakini kila tunaposema "sikuwa mimi, ilikuwa pombe," tunalichukua tusi lile lile la mtawala na kulifanya udhuru wetu. Tunasema, kwa hiari yetu, kwamba sisi ni watu wasioweza kujizuia. Mtu huru hasemi hivyo. Mtu huru husema, "Nilikosa."

Sheria na Maandiko

Wayunani wa kale walisimulia habari za Pitako, mtawala wa mji wa Mitilene, aliyeweka sheria kwamba aliyekosa akiwa mlevi aadhibiwe kuliko aliyekosa akiwa na akili zake. Aristotle aliitaja, akafafanua kwamba mlevi ana lawama ya kujifanya asijue, kwa kuwa kutolewa kulikuwa katika uwezo wake. Sheria yetu haikufika huko, lakini haiko mbali. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 14, inasema kwamba ulevi peke yake si utetezi, isipokuwa kama mtu alileweshwa bila ridhaa yake kwa hila au uzembe wa mwingine hata asijue atendalo, au kama ulevi umemfikisha kwenye wazimu. Mahakama inaweza kuutazama ulevi inapopima nia, lakini haimruhusu mtu kujificha nyuma ya chupa.

Nayo Maandiko yanasemaje? Hayako upande mmoja tu, na tusiyapinde. Zaburi ya 104 inaihesabu divai miongoni mwa zawadi za Mungu. Bwana wetu alikwenda Kana, na Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Kila tunapokaribia Meza ya Bwana tunashika kikombe. Lakini Mithali 23 inamchora mlevi kwa macho yake mekundu na majeraha asiyojua yametoka wapi; Nuhu na Lutu walileta aibu nyumbani kwao; na Habakuki, katika sura ya pili, anamtamkia ole anayemlevya jirani yake. Na msisahau Korintho. Katika karamu ya Bwana mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa, na Paulo hakuwaambia kwamba divai ndiyo iliyowadharau maskini wao. Aliwaambia wao.

Mgonjwa na mkosaji

Niliyoyasema mpaka hapa yanamhusu mtu ambaye bado anaweza kuchagua kopo la kwanza, kwa maana uchaguzi uko pale. Kwenye kopo la kumi hakuna tena wa kuchagua. Lakini wapo miongoni mwetu ambao hata kopo la kwanza limewashika. Huamka mikono inatetemeka mpaka wapate kitu. Hao ni wagonjwa, na hospitali zinaujua ugonjwa huo. Msiwafungie ndani ili waache kwa siku moja, maana aliyezama sana akiacha ghafula anaweza kupata degedege na hata kufa. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali.

Je, mgonjwa hana lawama? Naona afadhali tuseme hivi: lawama yake imepungua juu ya kunywa, lakini wajibu wake wa kutafuta msaada umeongezeka. Na sisi tuliomwona akiteremka tukamwagizia nyingine, tuna sehemu yetu. Serikali ilifanya yake ilipopiga marufuku viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, kwa kuwa pombe kali iliuzwa kwa bei ya peremende mpaka milangoni mwa shule. Lakini kiroba cha desturi zetu hakuna serikali inayoweza kukipiga marufuku.

Misimamo mitatu parokiani

Katika kanisa letu naona misimamo mitatu. Wako wasiogusa kabisa, hasa ndugu waliolelewa katika Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930. Ushuhuda wao umeokoa nyumba nyingi, nami nauheshimu. Hatari yao ni kiburi. Mtu anaweza kuwa hajagusa pombe maisha yake yote na ulimi wake ukawa mchungu kuliko gongo. Wako wanaokunywa kwa kiasi na kumshukuru Mungu. Hatari yao ni kwamba kiasi hakina mpaka uliochorwa chini, na kila mwaka husogea kidogo. Na wako wanaokunywa kwa siri, wakitafuna karafuu kabla ya kuja kwaya. Hao hatari yao ni kubwa kuliko wote, maana anayejificha hawezi kusaidiwa.

Mimi sijanywa tangu mwaka ule wa 1987, isipokuwa kikombe cha Ushirika Mtakatifu. Sikufanya hivyo kwa kuamini kwamba kunywa ni dhambi kwa kila mtu. Warumi 14 inanizuia kumhukumu ndugu yangu. Nilifanya hivyo kwa sababu nilijua ndani yangu mna nini, na mlinzi wangu ni mmoja tu.

Kwa wote naomba mambo manne. Kwanza, tusimlazimishe mtu kunywa, wala tusimcheke anayeomba soda harusini. Pili, tusiwatume watoto kilabuni. Tatu, msimu wa fedha ya tumbaku na mwisho wa mwezi, chakula na ada vitangulie. Nne, mtu akikosa akiwa amelewa, tusipokee neno "ilikuwa pombe" kama toba. Tumpe muda, kwa upole, mpaka aseme "mimi."

Namalizia pale nilipoanzia. Mwaka ule ule, kabla shule hazijafungwa, nilimwita binti yule mbele ya darasa lile lile nikamwambia kwamba nilimkosea, na kwamba mama yangu pia alikuwa mpika pombe. Sikutaja kopo wala mtungi. Alinisikiliza, akasema, "Haya, mwalimu," akarudi kuketi nyuma. Sasa ni mama mtu mzima, ana genge lake sokoni, na chenji huhesabu kwa kichwa kabla mteja hajafungua mkono. Tukikutana hunisalimu, "Shikamoo mwalimu." Nami huitikia, "Marahaba, mama." Hajawahi kuniambia kama amenisamehe, nami sijamwuliza. Naona hiyo ni haki yake.

Mungu atupe walinzi walio macho, na atuhurumie pale tulipowaambia wakalale.

Maswali ya mazungumzo katika vikundi

1. Je, tunawatendea sawa mwanamume aliyelewa na mwanamke aliyelewa? Kwa nini?
2. Mjane anayesomesha watoto kwa kupika pombe amekuja kutaka ushauri wa kanisa. Mtamwambia nini, na mtampa nini?
3. Ni maneno gani tunayoyatumia kijijini kwetu yanayompa mlevi ruhusa?

Mwalimu mstaafu, Kwihara